Wamarekani wa 1861 walijua kinachowajia? Jibu kwa mwalimu wa historia

Swali limetoka kwa dada mmoja anayefundisha sekondari, nalifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Wanafunzi wameniuliza kitu nikakwama. Vitabuni vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani inaanza na Lincoln na majenerali basi. Je watu wa kawaida mwaka ule wa 1861 waliishije, walijua kinachokuja? Na mzungu maskini wa Kusini asiye na mtumwa hata mmoja, yeye alipigania nini? Halafu watumwa wenyewe walikuwa wapi siku hizo, mbona ni kama hawapo mpaka 1863 Lincoln anapowatangazia uhuru?"

Salama mwalimu, nashukuru. Hayo ni maswali matatu na la mwisho ndo zito kuliko yote, ila nianze na la kwanza maana bila hilo mengine yanaelea tu.

Kwa kifupi hapana, hawakujua. Ugomvi waliujua, ulikuwa na miaka mingi, magazeti yanaupiga kila wiki, lakini ukubwa wa kitu kilichokuja karibu hakuna aliyeuona. Na ukitafuta kundi la watu waliosoma hali mapema wakachukua hatua yenye maana, mimi nakuambia utalikuta kule kule ambako vitabu vyenu havikuangalia, kwa watumwa. Hilo nitalionyesha, sio maneno ya kufurahisha wanafunzi.

Picha ya nchi kwanza. Sensa ya 1860 ilihesabu watu kama milioni 31 na laki 4, na ndani ya hao karibu milioni 4 ni watumwa. Watu 8 kati ya 10 waliishi mashambani au kwenye vijiji vidogo. New York ilishapita watu laki 8, lakini Kusini iliyokuja kujitenga mji mkubwa ni New Orleans, watu laki 1 na 68 elfu hivi. Reli zilifika maili kama 30,000 na zaidi ya theluthi mbili ziko Kaskazini, na usifikirie reli moja inayokwenda moja kwa moja, kila kampuni na reli yake, upana tofauti, stesheni tofauti, kwa hiyo ukifika mji fulani unashushwa unavuka mji mzima kwenda kudaka treni nyingine. Shika hilo la kushushwa stesheni, litaua watu muda si mrefu.

Serikali kuu ilikuwa kitu cha mbali sana kwa raia. Mkulima wa Ohio au Georgia angeweza kuishi miaka asione mtu wa serikali ya Washington zaidi ya yule anayempa barua posta. Jeshi lote la nchi lilikuwa na askari kama 16,000 na wengi wao wametawanywa magharibi huko kwenye vituo vya kupambana na Wahindi Wekundu. Telegrafu ipo, tukio la Charleston linasomwa New York siku hiyo hiyo au kesho yake, ila California waya haujafika, huko barua za haraka zilibebwa na vijana wa kupokezana farasi, huduma iliyoanza Aprili 1860 ikafa Oktoba 1861 waya ulipounganishwa.

Na hela, hapa wanafunzi wako watacheka. Serikali kuu ilitoa sarafu tu, dhahabu na fedha, noti za karatasi zilichapwa na mabenki binafsi yenye leseni za majimbo, zaidi ya benki 1,000, kila moja na picha yake na thamani yake. Mwenye duka alikuwa na kijitabu chini ya kaunta cha kuangalia noti ipi ni ya kweli, ipi feki, na ipi ni ya kweli ila benki yenyewe iko hoi. Sasa mabenki mengi ya Illinois na Wisconsin yalikuwa yameweka dhamana ya noti zao kwenye hati za mkopo za majimbo ya Kusini. Kusini ilipojitenga hati zikaporomoka bei na noti zikaanza kufa mikononi mwa watu. Juni 1861 pale Milwaukee, wafanyakazi, wengi wao Wajerumani, walikuta noti walizolipwa mshahara Jumamosi mabenki ya mjini hayazitaki tena, Jumatatu wakaandamana wakayavamia mabenki kwa mawe mpaka askari wakaitwa. Kwa familia ile vita ilianzia kwenye bahasha ya mshahara, risasi walikuwa hawajaisikia.

Pamba ndo ilikuwa roho ya uchumi wao. Zaidi ya nusu ya thamani ya vitu vyote Marekani ilivyouza nje ilikuwa pamba, kama marobota milioni 4 kwa mwaka, na viwanda vya Uingereza vilitegemea pamba ya Marekani kwa zaidi ya theluthi mbili. Inalimwa na watumwa Mississippi, inafumwa na mabinti wa kiwandani Massachusetts, inakopeshwa na mabenki ya New York, kwa hiyo huyu wa Kaskazini mikono yake haikuwa misafi kama anavyopenda kusimulia. Januari 1861 meya wa New York, Fernando Wood, alipendekeza hadharani mji wake nao ujitenge uwe mji huru ili uendelee kufanya biashara na Kusini. Meya, sio mlevi wa kilabuni.

Na sisi huku tulikuwemo kwenye mnyororo huo, waambie wanafunzi. Merikani, ile nguo ya pamba iliyovaliwa kuanzia Unguja mpaka Tabora na Ujiji na kulipia mishahara ya wapagazi ilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts na majirani zake, ikapakiwa Salem ikaja Zanzibar kwa mkataba ambao Seyyid Said alisaini na Wamarekani 1833. Meli zinarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Vita ilipoanza pamba ikakatika, merikani ikapanda bei na kuadimika Zanzibar, nguo za Uingereza na za Bombay zikapata mlango. Sasa hesabu mwenyewe, mtumwa wa Alabama analima pamba inayokuja kununua pembe iliyobebwa na mpagazi wa Tabora, na pembe hiyo inakwenda Connecticut kuwa vibonyezo vya piano ya binti wa tajiri. Kitabu cha shule hakiunganishi hivyo vitu, unganisha wewe.

Tuje kwenye kujitenga kwenyewe. Lincoln alichaguliwa Novemba 6, 1860 kwa kura kama asilimia 40 tu maana wagombea walikuwa wanne, na katika majimbo karibu 10 ya Kusini hakuna hata karatasi ya kumpigia kura. Desemba 20 South Carolina ikatoka, mpaka Februari mosi yakawa majimbo saba, wakakutana Montgomery, Alabama, wakaunda Shirikisho lao na Jefferson Davis akawa rais. Yote hayo Lincoln hajaapishwa bado, aliapishwa Machi 4. Na siku ile ya kuapishwa alisema wazi hana nia ya kuugusa utumwa pale ulipo, na bunge lilikuwa limetoka kupitisha pendekezo la kubadili Katiba ili utumwa ulindwe moja kwa moja. Yaani mtu ameshabembelezwa na kupigiwa magoti na bado anaondoka.

Kwa nini basi? Hapa kuna stori tamu inayozunguka mitandaoni kwamba Kusini walipigania "haki za majimbo" na utumwa ulikuwa kisingizio cha washindi. Usipoteze muda nayo darasani, soma walichoandika wenyewe. Mississippi kwenye tamko lao la kujitenga waliandika kwamba msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa, na makamu wa rais wao, Alexander Stephens, Machi 21 pale Savannah aliwaambia watu kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni ukweli kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mzungu. Walijieleza vizuri tu, baada ya kushindwa ndo wakaanza kubadilisha maneno.

Sasa mzungu maskini, swali lako la pili. Kwanza punguza kidogo hilo la "hana mtumwa hata mmoja", katika majimbo yaliyojitenga karibu familia moja kati ya tatu ilikuwa na angalau mtumwa mmoja, na South Carolina na Mississippi ilikaribia nusu. Kwa hiyo hata asiye naye, mjomba anaye, mama mkwe anaye, au mwenyewe anakodi mmoja msimu wa mavuno. Mashine ya kuchambulia pamba ni ya tajiri wa jirani, robota lako linapita kwake, mkopo wako kwake, uchaguzi ukija unampigia yeye. Halafu kuna doria. Majimbo mengi yaliwapanga wanaume wazungu, wenye watumwa na wasio nao, kuzunguka usiku kukamata watumwa waliotoka bila cheti cha bwana, kwa hiyo huyu maskini alishazoea kushika bunduki kwa ajili ya mfumo ule kabla ya 1861. Na kulikuwa na hofu, South Carolina watu zaidi ya nusu ni watumwa, stori za Haiti, ambako watumwa waliasi wakashinda, zinasimuliwa mezani, na Oktoba 1859 John Brown alikuwa amevamia ghala la silaha Harpers Ferry akitaka kuwapa watumwa bunduki. Wakamnyonga, ila usingizi wa Kusini haukurudi, mgambo wa vijijini walianza mazoezi tangu hapo.

Juu ya yote hayo alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu angekichukua, ngozi yake. Awe na viraka kiasi gani kuna watu milioni 4 hawawezi kumjibu. Ukimwambia Lincoln atawafanya hao wawe sawa na wewe, hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Ila usiwaweke wote kapu moja. Mashariki mwa Tennessee kwenye milima, ambako watumwa ni wachache, watu walipiga kura ya kukataa kujitenga kwa wingi mkubwa, na magharibi mwa Virginia walikataa mpaka wakaunda jimbo lao, ndo West Virginia ya leo. Na wengi waliopigana baadaye hawakuulizwa, Aprili 1862 Kusini walileta sheria ya kulazimisha watu jeshini na Oktoba wakaongeza msamaha kwa shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Maskini wakauona ule msamaha wakajua vita ya nani.

Turudi 1861. Ngome ya Sumter iko kwenye kisiwa kidogo mdomoni mwa bandari ya Charleston, ndani yake askari wachache wa serikali kuu chini ya Meja Robert Anderson, ambaye mwenyewe kwao Kentucky, jimbo la watumwa. Chakula kinawaishia. Aliyekuja kuwapiga ni Beauregard, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Anderson wa mizinga kwenye chuo cha kijeshi cha West Point. Aprili 12 saa kumi na nusu alfajiri mizinga ikaanza, saa kama 34, makombora zaidi ya 3,000, na watu wa mjini wamejaa kwenye mapaa na ufukweni wanaangalia kama sherehe. Halafu sikia, hakufa mtu hata mmoja kwenye mapigano. Aliyekufa papo hapo ni askari mmoja, wakati wanapiga saluti ya kushusha bendera yao baada ya kusalimu amri, baruti ililipuka vibaya. Nadhani hii ndo iliwadanganya watu kuliko kitu kingine chochote, kwamba vita ni moshi na kelele halafu mtu anashusha bendera kwa heshima.

Aprili 15 Lincoln akaita mgambo 75,000 kwa siku 90. Siku 90 kwa sababu sheria ya zamani ya mgambo haikumruhusu zaidi, ila raia wakasikia kwamba kazi yenyewe ni ya siku 90. Kaskazini kote wakajaa vijana wanaogombania nafasi, majimbo yanaomba yaongezewe idadi, akina mama wanashona bendera na sare usiku kucha, kila kijiji na sare yake, wengine bluu wengine kijivu. Kusini hivyo hivyo. Na wito huo huo ndo ulioisukuma Virginia, North Carolina, Arkansas na Tennessee kutoka, maana walisema kujitenga tulikuwa tunasitasita ila kumpiga ndugu yetu wa Kusini hatuwezi.

Wanaume weusi huru wa Boston, New York na kwingine nao walijitokeza, wakaanza na kwata kabisa. Wakakataliwa. Sheria ya mgambo ya 1792 ilitaja wazungu tu, na maofisa waliwaambia hii ni vita ya wazungu.

Siku nne baada ya wito ndo ile stesheni niliyokuambia uishike. Kikosi cha 6 cha Massachusetts kinakwenda kulinda Washington, wengi ni vijana wa miji ya viwanda vya pamba kama Lowell. Kufika Baltimore, Aprili 19, inabidi behewa zivutwe na farasi katikati ya mji kutoka stesheni moja kwenda nyingine, na Maryland ni jimbo la watumwa, nusu ya mji iko na Kusini. Behewa za kwanza zikapita, halafu watu wakaziba njia kwa mchanga na nanga za meli, askari waliobaki wakashuka kwenda kwa miguu, mawe, matofali, kisha bastola. Wakafa askari 4 na raia 12. Mmoja wa askari waliokufa, Luther Ladd, alikuwa na miaka 17, fundi wa mashine Lowell. Na siku moja kabla, mji huo huo, mzee mweusi aitwaye Nicholas Biddle aliyekuwa akisafiri na kikosi cha Pennsylvania alipigwa tofali la kichwa mpaka mfupa ukaonekana. Wengi wanamhesabu ndo mtu wa kwanza kumwaga damu kwenye vita hii kwa mkono wa adui, na alikuwa haruhusiwi kuwa askari.

Waliosalia walifika Washington jioni hiyo wakalazwa ndani ya ukumbi wa Seneti, kwenye mazulia kati ya viti vya maseneta. Karani mmoja wa ofisi ya hataza (ya kusajili uvumbuzi), Clara Barton, alikwenda kuwapelekea chakula na vitambaa vya kufungia majeraha na kumbe baadhi anawafahamu, aliwahi kuwafundisha shule. Huyu ndo baadaye alianzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Kisha madaraja ya reli yakachomwa, waya za telegrafu zikakatwa, na mji mkuu wa nchi ukakaa karibu wiki nzima hauna mawasiliano na Kaskazini, Lincoln anachungulia dirishani anauliza vikosi viko wapi. Vikosi vilizunguka kwa maji mpaka Annapolis vikakuta injini ya treni imeharibiwa makusudi. Kamanda akauliza nani anaweza kuitengeneza, askari mmoja wa kikosi cha 8 cha Massachusetts akaiangalia akasema hii injini imetoka kwenye karakana yetu. Wakaiwasha.

Kamanda huyo ni Benjamin Butler, na sasa tunaingia kwenye swali lako la tatu.

Butler hakuwa malaika. Alikuwa wakili wa Lowell, mwanasiasa mjanja mjanja, mwaka mmoja kabla kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democrat alimpigia kura Jefferson Davis, huyo huyo, awe mgombea urais, akarudia zaidi ya mara 50. Na alipofika Maryland alimwandikia gavana kwamba watumwa wakijaribu kuasi, askari wake watasaidia kuwazima. Huyo ndo Mei 22 alikabidhiwa ngome ya Monroe, Virginia, ngome kubwa ya mawe kwenye ncha ya ghuba ambayo serikali kuu iliendelea kuishikilia ingawa Virginia yote inayoizunguka imetoka.

Ila kabla sijafika hapo, rudi nyuma kidogo mpaka Machi, hata Sumter haijapigwa. Kule Florida kulikuwa na ngome nyingine ya serikali kuu, Pickens. Watumwa wanane walifika pale wenyewe wakiamini askari wale wapo kwa ajili ya kuwaweka huru. Luteni aliyekuwa anaongoza ngome ile akawarudisha Pensacola kwa mabwana zao. Angalia tarehe mwalimu. Lincoln ametoka kusema hatagusa utumwa, wabunge wanatafuta maelewano, magazeti yanasema hakutakuwa na vita, na watu wanane wasiojulikana hata majina wameshafikia hitimisho ambalo rais atalifikia baada ya karibu miaka miwili. Habari walizipata wapi? Nani anapakua chakula mezani bwana akiongea siasa na wageni wake, nani anaendesha farasi wa mkokoteni, nani anabeba barua kutoka posta. Wenye nyumba waliongea mbele yao kana kwamba ni viti.

Usiku wa Mei 23, siku hiyo hiyo wapiga kura wa Virginia walipoidhinisha kujitenga, wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliiba mtumbwi wakavuka maji mpaka Monroe. Walikuwa mali ya kanali mmoja wa Kusini, Charles Mallory, wamepelekwa kujenga ngome ya mizinga ng'ambo, mizinga ambayo ingeelekezwa huko huko Monroe, na walisikia mpango wa kuwahamishia Carolina mbali na familia zao. Asubuhi Butler akawahoji mmoja mmoja. Wakamweleza habari za ile ngome.

Mei 24 akaja ofisa wa Kusini, Meja Cary, na bendera nyeupe, anawadai. Hoja yake ilikuwa ya kisheria kabisa, sheria ya nchi ya 1850 inasema mtumwa aliyetoroka lazima arudishwe. Butler naye ni wakili, akamjibu kwamba nyie si mmesema Virginia ni nchi nyingine, basi sheria ya Marekani mnaidaije? Kanali aje mwenyewe aape utii kwa Marekani atapewa watu wake. Hakuja. Na kwa kuwa watu hawa walitumika kujenga ngome ya adui, Butler akasema nawashikilia kama magendo ya vita, sawa na farasi au baruti.

Ukiisikiliza vizuri hiyo hoja inachefua, haisemi hawa ni watu, inasema ni mali na nimeikamata. Lakini ujanja wenyewe ni kwamba aliwapiga kwa rungu lao, miaka yote wamebishana kwamba mtumwa ni mali tu, haya, mali ya adui vitani inakamatwa. Na wale waliokuwa wanasikiliza upande wa pili hawakusubiri ufafanuzi wa kisheria. Jumapili wakaja wanane. Jumatatu wakaja 47, wazee na watoto wachanga ndani yake, na hapo ile hoja ya "walijenga ngome" ikawa ngumu kwa mtoto anayenyonya. Butler akaandika Washington kwamba ana watu wa thamani ya kama dola 60,000, afanye nini, na mawaziri wakamkubalia aendelee. Wale watoro wakaipa ngome jina la kwao wenyewe, Ngome ya Uhuru.

Na sehemu yenyewe, hii usiache kuwaambia wanafunzi, ile ncha ya ardhi inaitwa Point Comfort, ndipo Agosti 1619 meli iliposhusha Waafrika 20 na kitu, wa kwanza kuuzwa kwenye makoloni ya Waingereza kule Virginia. Pale pale.

Wakati huo wenye nchi bado wako kwenye ndoto. Julai 21, zile siku 90 zinaisha, jeshi la Kaskazini likatoka Washington kwenda kupigana Manassas, Virginia, na nyuma yake wabunge na watu wa mjini na magari ya farasi na vikapu vya chakula wanakwenda kuangalia. Kuna kikosi cha Pennsylvania mkataba wake uliisha, asubuhi hiyo hiyo kikageuza kikarudi nyumbani huku mizinga inasikika. Sare zikachanganyika, kikosi cha Virginia kilichovaa bluu kiliachwa kisogee mpaka kwenye mizinga ya Kaskazini kwa kudhaniwa ni wenzao, na hapo ndo siku ilipogeuka. Mjane wa miaka 85, Judith Henry, alikataa kuhama nyumba yake akauawa kitandani na kombora. Mbunge mmoja wa New York akatekwa. Jumla karibu watu 900 wakafa, jeshi la Kaskazini likakimbia mpaka Washington kwenye mvua, na Lincoln akasaini sheria za kuandikisha watu laki 5, safari hii sio siku 90, miaka mitatu.

Siku tisa baadaye, Julai 30, Butler akaandika barua nyingine kutoka Monroe. Sasa ana watu 900, wanaume wa kazi 300, wanawake 175, watoto wa chini ya miaka 10 peke yao 225. Anamuuliza waziri wa vita, hawa ni watumwa au ni huru? Mabwana wamewakimbia, sisi hatuwamiliki, basi wamebaki kuwa nini? Agosti 6 bunge likapitisha sheria kwamba mtumwa aliyetumika kwenye kazi za kivita za waasi bwana wake anampoteza, na sheria ikakwepa kusema kama mtu huyo sasa ni huru. Usiku wa kuamkia Agosti 8 watu wa Kusini wakauchoma mji wa Hampton jirani na ngome baada ya kusikia utatumika kuwahifadhi wakimbizi hawa. Wakimbizi wakajenga juu ya majivu, wakitumia dohani za matofali zilizosimama, na Septemba mwalimu mweusi huru, Mary Peake, alikuwa anafundisha watoto kusoma huko, kazi ambayo sheria ya Virginia ilikuwa imeipiga marufuku.

Kwa hiyo ukifika 1863 darasani usianze na kalamu ya Lincoln, anza na ule mtumbwi, halafu waulize wanafunzi ni watu wangapi walikuwa wameshavuka kabla hajasaini. Kwa nini yeye alichelewa mpaka 1863 ni swali refu linaloingia kwenye Kentucky na Maryland na siasa za majimbo ya mpakani, ukilihitaji niandikie nilipe jibu lake peke yake.